Simu Thelathini na Moja kwa Bi Mwanahawa

Sehemu ya Tisa

Ngazi haipo.

Hapo ndipo tulipoachana, na najua wapo walionisema wiki nzima kwa kumwacha mtoto wa watu juu ya bati la Kibondo, jua la saa tisa linamchoma viganja, simu mkononi, na ngazi aliyopandia haionekani. Mnisamehe. Nafasi ya gazeti ni finyu na mhariri wetu hana huruma.

Kwa msomaji aliyechelewa, sogea nikupe upesi. Shamsia, miaka thelathini na mbili, anauza intaneti isiyo na waya. Kampuni yake ina ofisi Kasulu na mnara mmoja mpya kilimani hapa Kibondo. Bosi wake, Saady, amempa mpaka Jumamosi saa sita mchana: nyumba kumi zilizotia sahihi, la sivyo mnara unang'olewa na Shamsia anarudi kwenye meza yake ya Kasulu. Anazo nyumba tatu. Leo ni Ijumaa.

Utauliza, kurudi Kasulu kuna ubaya gani? Mji una soko, una chuo cha ualimu, na mama yake mzazi yuko huko. Ubaya ni kwamba meza ile iko dirishani, na dirisha linatazamana na duka la vitenge la Nurudini.

Nurudini alikuwa mumewe. Siku hizi hufungua duka lile kila asubuhi na mke mpya, mmoja anashika kufuli, mwingine anasukuma mlango. Shamsia aliwatazama miezi saba. Mwezi wa nane akaomba mwenyewe apelekwe Kibondo, mahali ambapo hamjui mtu wala hajulikani.

Haya. Turudi batini.

Alipanda kupitia uani, kwa sababu Saady alipiga simu kulalamika kwamba nyumba ya Bi Mwanahawa, iliyofungiwa kidishi cha majaribio siku nne tu zilizopita, inakula intaneti kuliko gesti nzima ya barabarani. Shamsia akafungua orodha ya simu zilizounganishwa. Zilikuwa thelathini na moja. Na Bi Mwanahawa ni mjane wa miaka sabini na kitu, anaishi peke yake na kuku wanne.

Akageuka ashuke akamuulize. Ngazi haipo!

Kisha akasikia kicheko. Hakikutoka uani. Kilitoka upande wa mbele, na kilikuwa cha watu wengi.

Akatambaa mpaka kwenye mgongo wa paa, akachungulia upande wa pili. Loo! Barazani palikuwa na benchi refu limejaa watu. Chini pametandikwa mikeka miwili, nayo imejaa. Ridhiwani, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amevusha na cherehani yake kabisa. Waendesha bodaboda wameegesha chini ya ukingo wa bati, kila mmoja kainamia simu yake. Mwisho wa benchi, birika kubwa mbele yake na vikombe vimepangwa kwenye sinia, alikaa Bi Mwanahawa mwenyewe.

"Nani kachukua ngazi?" Shamsia aliuliza kwa sauti.

Vichwa vikainuka.

"Mimi," alisema Bi Mwanahawa, bila hata kugeuza shingo. "Nimemwambia Ridhiwani aitoe. Utashuka ukishasema umepanda kufanya nini."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umepanda kufanya nini?"

"Kuangalia kidishi, bibi. Kuna tatizo."

"Kukiangalia au kukikata?"

 Ridhiwani akaangalia chini, ngazi imelala miguuni pake kama mwizi aliyekamatwa.

"Bibi, hawa wote wanatumia intaneti yako?"

"Yangu? Hewa hiyo nimeitengeneza mimi?" Bi Mwanahawa akamimina chai. "Sikiliza mwanangu. Mimi nimezaliwa Ujiji, nikalelewa na bibi yangu. Jirani alikuwa akija na kigae kuomba kaa la moto, na alipewa hata kama jana yake mlitukanana. Moto ukiutoa haupungui. Maji na moto havinyimwi mtu."

"Lakini hii si moto, bibi."

"Inapungua ukigawa?"

 Kweli inapungua kidogo, lakini ungemwelezaje mtu huyo jambo hilo kutoka juu ya bati?

Ndipo akakumbuka siku ya kufunga. Alikuwa na haraka, jioni inaingia. Alimuuliza bibi, tuweke neno gani la siri? Bi Mwanahawa akamjibu, "La nini? Nyumba yangu haina siri." Shamsia akacheka, akaacha wazi, akaondoka.

Mungu wangu. Siku nne alipita mtaa huu mlango kwa mlango, kutoka kwa Uwimana anayeuza maharage mpaka kwa mwalimu wa pale mwisho, na kila mlango ulimpa tabasamu moja na jibu moja: "Tutafikiria, dada." Walikuwa wanafikiria nini, ilhali intaneti yake mwenyewe ilikuwa mifukoni mwao?

Simu ikaita. Saady.

"Shamsia! Nimekaa mbele ya kompyuta hapa Kasulu, siamini macho yangu. Thelathini na moja!"

"Naona, bosi. Ni kosa langu. Sikuweka..."

"Kosa? Dada, umeokota embe chini ya mti! Unajua hao ni nani? Hao ni wateja tayari. Umewaonjesha siku nne bila kujua. Zima sasa hivi."

"Bosi, bibi mwenyewe..."

"Nani alikufundisha kazi hii?"

"Wewe."

"Nilikwambia nini siku ya kwanza?"

Shamsia aliisema taratibu, maana aliijua kwa moyo. "Usimhangaikie asiyeijua intaneti. Mtafute aliyeipoteza jana."

"Basi usiwatafute. Watengeneze. Weka neno la siri, waipoteze leo, uwauzie leo. Una nyumba ngapi?"

"Tatu."

"Ukishuka hapo na tatu, mafundi wanaokuja kesho asubuhi hawatakuja kufunga vidishi, watakuja kufungua mnara. Na meza yako ya dirishani bado ipo. Nimeipangusa vumbi." Akakata.

Msomaji, usimchukie sana Saady. Naye ana bosi wake.

Shamsia alikaa juu ya bati akatazama mji. Aliuona mnara kilimani, juu ya mikaratusi, mwembamba na mpya. Aliona mapaa ya mtaa mzima yamegeukia upande ule ule, hakuna mti wala ukuta wa kuziba. Muuza intaneti huisaka sehemu kama hiyo mwezi mzima asiipate. Halafu akaiona ile meza, na lile duka, na ile kufuli.

Akafungua sehemu ya mipangilio. Weka neno la siri. Vidole vikaandika neno la kwanza lililowajia, wala hakulichagua. Neno gani? Subiri, tutalifikia.

Akabonyeza.

Barazani kukawa kimya. Hujawahi kusikia kimya cha namna ile isipokuwa umeme ukatike katikati ya fainali. Kisha mmoja akasema, "Mbona imesimama?" Mwingine akazima simu akaiwasha. Mwendesha bodaboda mmoja akainua yake juu, akaizungusha hewani.

"Imekatika," alisema Ridhiwani. Wote wakatazama juu.

Hapo Shamsia aliyefundishwa kazi akasimama wima juu ya bati, mkono mmoja kakamata nguzo ya kidishi, akawauzia. Ndiyo, kutoka paani! Kama mwadhini wa dini mpya.

"Jamani, habari za saa hizi! Ile mliyokuwa mnatumia ilikuwa ya majaribio ya bibi. Nimeifunga. Lakini kila paa ninaloliona toka hapa linauona mnara. Atakayeandikisha leo, kesho mchana anayo nyumbani kwake, yake, bila kugombea benchi."

"Dada, nilikuwa katikati ya mshono!" Ridhiwani alipiga kelele. "Gauni la bi harusi, nimekata upande mmoja, wa pili naangalia kwenye simu. Harusi ni Jumapili!"

"Unataka kesho uwe nayo dukani kwako?"

"Naitaka sasa hivi!"

"Basi wewe ni wa kwanza. Nirudishie ngazi."

Ridhiwani akamtazama Bi Mwanahawa. Bi Mwanahawa alikuwa anatazama vikombe.

"Mpe ngazi yake," alisema.

Alipogusa ardhi walikuwa wameshamzunguka. Uwimana alipenya kwa kiwiko, khanga imemwanguka begani, akasalimia kwa Kiha hata katikati ya zogo, maana Muha haanzi jambo bila salamu.

"Mwidiwe, mwana wanje. Mjukuu wangu amezaliwa Dar juzi. Nilikuwa namwangalia anapiga chafya, ukakata. Alikuwa anapiga chafya ya pili! Niandike."

Akamwandika. Akamwandika na mwalimu. Akawaandika waendesha bodaboda watatu wanaopanga nyumba moja, wakagombana nani awe jina la juu. Muuza asali akatia sahihi, mke wa fundi baiskeli akamfuata, na jirani yake naye. Robo saa haikuisha. Shamsia akahesabu mara mbili: saba. Saba na zile tatu ni kumi.

Kumi, msomaji! Wewe uliyesema hataweza, uko wapi?

Alitaka kuruka. Aligeuka amwambie mtu, na hapo akaona hakuna mtu.

Walikuwa wameondoka. Ridhiwani alikuwa anavusha cherehani yake barabara, anakokota mguu mmoja mmoja. Pikipiki zilikwisha kuwaka. Uwimana alikuwa anatembea haraka kwenda kusafisha mahali pa kuweka kiboksi cha ndani cha kusambazia intaneti. Kila mtu amekwenda kwake kumsubiri fundi wa kesho. Kwenye mikeka kilibaki kiatu kimoja cha plastiki.

Na Bi Mwanahawa, na birika, na vikombe kumi na mbili vimejaa chai ya tangawizi ambayo hakuna aliyeinywa.

"Kaa unywe," alisema. "Itapoa."

Shamsia akakaa. Benchi refu lile, wao wawili tu, mmoja huku mmoja kule.

"Bibi, samahani. Ya kwako nitakuwekea wewe peke yako. Nitakupa neno la siri, utaitumia vizuri, itakuwa na kasi kuliko..."

"Mimi siitumii, mwanangu."

"Vipi?"

Bi Mwanahawa akafungua pindo la khanga, akatoa simu ndogo ya vibonye, imefungwa mpira ili betri isidondoke. "Simu yangu hii hapa. Ina tochi, ina redio. Hiyo intaneti yako sijawahi kuiona sura."

Shamsia aliitazama ile simu, akaitazama tena.

"Sasa kwa nini ulikubali nikufungie?"

"Ulipiga hodi." Bibi akazungusha kikombe mkononi. "Tangu mzee afariki, mwaka wa tatu huu, watu waliacha kuja. Si kwa ubaya. Kila mtu ana yake. Wewe ukaja, ukakaa hapo ulipokaa, ukanywa vikombe viwili, ukaniambia habari za kasi na mnara saa nzima. Sikuelewa hata neno moja. Nikasema moyoni, huyu nikimkubalia, atarudi kukitazama kitu chake."

Shamsia akashusha kikombe chake kwenye benchi.

"Hukurudi," alisema Bi Mwanahawa. "Lakini wakaja wengine. Kijana mmoja alisimama hapo na simu, nikamwambia kaa. Kesho yake wakawa sita. Jana nimenunua vikombe." Akainuka, akaanza kumwaga chai kwenye mchanga, kikombe kimoja kimoja. "Kazi yako ni nzuri. Nenda ukaifanye."

Mimi mwandishi wenu sijui nyie mna moyo gani. Wangu ulinyong'onyea hapo.

Shamsia alirudi alikopanga kwa miguu, ile njia ndefu inayopita nyuma ya soko. Walikuwa wanafunga magunia ya maharage, vumbi jekundu limetulia, baridi ya milima imeanza kushuka. Alikuwa na nyumba kumi kwenye karatasi. Aliitoa simu amwambie mtu. Mama yake angeuliza tu, "Na ndoa je?" Saady alishajua, idadi alishamtumia. Akapita majina yote mpaka mwisho wa orodha, kisha akairudisha mfukoni. Ni upweke wa ajabu huo, kushinda na kukosa wa kumwambia.

Alipofika chumbani alikaa kitandani na viatu vyake. Hapo ndipo alipolifikiria lile neno.

Nilisema tutalifikia. Neno ni Nasma.

Nasma alikuwa mtoto wa Shamsia na Nurudini. Aliishi siku kumi na tisa. Ndoa yao haikuvunjwa na mwanamke mwingine, kama nilivyowaacha mdhani sehemu zote nane zilizopita. Mke mpya alikuja baadaye. Ndoa ilivunjwa na kimya. Baada ya maziko wawili wale walirudi nyumbani, na hakuna aliyeweza kulitaja lile jina mbele ya mwenzake. Walianza kwa kutolitaja jina, wakaishia kutotaja chochote. Siku moja Nurudini alisema, "Shamsia, humu ndani hamna mtu," na alikuwa anasema kweli ingawa wote wawili walikuwamo.

Tangu atoke Kasulu hajalitamka. Kibondo nzima hakuna anayejua kwamba aliwahi kuzaa. Na leo vidole vyake vimeliandika juu ya bati la mjane, kama kufuli ya kufungia watu nje.

Alilia. Haikuwa siri kwangu na isiwe kwenu.

Jumamosi ikafika. Saa tatu asubuhi Saady aliandika: mafundi wako njiani, wamepanda basi la asubuhi na vidishi saba, nitumie karatasi zenye sahihi kabla ya saa sita, na hongera mama. Saa nne Ridhiwani akagonga mlango wake.

"Dada Shamsia, sikuja kwa ajili ya gauni. Nimetumwa na Bi Mwanahawa."

"Amesemaje?"

"Amesema uende ukatoe mdude wako kwenye bati lake. Amesema mdude wenyewe umenyamaza sana, ukimya wake unamzidi." Ridhiwani akajikuna kichwa. "Mimi mwenyewe jana nilikuwa nashona peke yangu dukani. Nikakosea mkono wa gauni. Sikuwa na wa kunicheka."

"Leo mchana utakuwa na intaneti yako."

"Ndiyo," alisema Ridhiwani, lakini hakulisema kama mtu aliyefurahi.

Shamsia alipofika, benchi halikuwa barazani. Lilikuwa limesimamishwa ukutani, miguu imetazama nje. Mikeka imekunjwa. Bi Mwanahawa alikuwa uani anawamwagia kuku pumba, na ngazi imeegemezwa tayari.

"Panda utoe," alisema.

"Bibi, nataka tuongee."

"Tulishaongea jana."

"Nikitaka kuifungua tena? Iwe wazi kama mwanzo?"

Bi Mwanahawa akasimama na bakuli lake. "Wewe una kazi yako. Ukiifungua, watu wako saba watayafuta majina yao. Nani atanunua moto na jirani anao? Mimi ni mzee lakini nimefanya biashara ya duka miaka arobaini."

"Najua."

"Na wewe utapelekwa wapi?"

"Kasulu."

"Kuna nini Kasulu kinachokutisha hivyo?"

Shamsia akashika ngazi. Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, hata mama yake. Alitaka kujibu. Akapanda.

Saa tano na dakika thelathini na tano. Bati lilikuwa limeshaanza kupata moto. Kule chini barabarani alikuwa ameshasikia honi ya basi likiingia stendi muda mrefu uliopita, mafundi watakuwa wanakunywa chai. Shamsia alichuchumaa mbele ya kidishi, spana mkononi. Nati nne tu, na kazi imekwisha. Karatasi kumi zenye sahihi amezipiga picha, ziko kwenye simu, zinasubiri kidole kimoja kuzituma kwa Saady.

Akizituma picha, mnara unabaki, yeye anabaki Kibondo, na kila mtu wa mtaa huu atakaa kwake na mlango umefungwa na simu usoni. Asipozituma, dirisha linamsubiri.

Aliitazama baraza tupu. Aliona alama nne kwenye mchanga, palipokuwa na miguu ya benchi.

"Potelea mbali," Shamsia alisema, kwa sauti.

Akaweka spana chini. Nyumba tatu zilikuwa nyumba tatu, hizo alizipata kwa haki. Saba nyingine zilitoka kwenye sinia la vikombe la bibi wa watu. Akafungua sehemu ya mipangilio, akatafuta palipoandikwa ondoa neno la siri.  Tangu aje Kibondo hajawahi kuwa na uhakika namna ile.

Kidole kikiwa hewani, jicho lake likaangukia kwenye orodha ya simu zilizounganishwa.

Ilipaswa kuwa sifuri. Neno la siri hakumpa mtu. Hakumpa Saady, hakumpa Ridhiwani, hakumpa hata bibi mwenyewe, mwenye simu ya vibonye. Simu yake yeye ilikuwa inatumia bando lake la kawaida.

Ilikuwa moja.

Akadhani macho yanamdanganya, akaifunga orodha, akaifungua upya. Moja. Imeunganishwa dakika tatu zilizopita. Mtu amekaa chini ya bati hili, ameona mtandao wenye kufuli, na ameandika neno lile kwa usahihi. Duniani kuna watu wawili tu ambao neno hilo lingewajia vidoleni kabla ya neno jingine lolote. Mmoja alikuwa amechuchumaa juu ya paa.

Shamsia alisogeza kidole asome jina la simu.

Simu ya Nurudini.

"Shamsia!" Sauti ya Bi Mwanahawa ilitoka uani, na ilikuwa na uchangamfu ambao hakuusikia tangu jana. "Una mgeni! Ameshuka na basi la asubuhi pamoja na mafundi wako. Nimempa chai. Anasema ametoka Kasulu kukuambia neno moja tu, na hakuweza kulituma kwa simu."

Shamsia akaiweka simu mfukoni, akashika nguzo ya kidishi. 

"Nimemuuliza wewe ni nani wake. Hajanijibu, analia tu. Shuka mwanangu, usije ukaanguka."

Shamsia alitambaa mpaka ukingoni mwa bati, taratibu, akatazama chini. Ngazi ilikuwepo. Safari hii haikuondolewa na mtu. Mikono miwili ilikuwa imeishika chini, huku na huku, kwa nguvu, isiteleze.